Rosa Mistika na Mlango wa Kundi

Wapo watakaoshangaa kuona riwaya ya mapenzi ikijadiliwa katika kitabu cha kanisa. Tunawaelewa. Sisi wenyewe tuliisoma Rosa Mistika kwa mara ya kwanza tukiwa sekondari, tumeifunika kwa gazeti, tukitafuta zile kurasa zilizokuwa zikisemwa. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo kisiwani Ukerewe, aliitoa mwaka 1971, na kwa muda ilipigwa marufuku shuleni. Tuliisoma upya miaka mingi baadaye, tukiwa wachungaji na wazazi wa mabinti. Safari hii ilitugusa pabaya.

Kisa chenyewe kinafahamika. Rosa ni binti wa Zakaria, mzee mlevi na mkali. Barua ya kijana Charles inapoingia mikononi mwa baba, Rosa anapigwa vibaya, na tangu hapo anawaogopa wavulana. Anakwenda kusoma Mwanza, kisha chuo cha ualimu Morogoro. Huko fimbo haifiki, na hana kitu kingine cha kumlinda. Anaanguka, tena na tena. Mwishowe anabadilika, anakuwa mwalimu mwenye adabu, na uchumba wake na Charles unafufuka. Charles anapojua ya nyuma, anamwacha. Rosa anajiua.

Wengi huisoma riwaya hii kama onyo kwa wasichana. Sisi tunaona kwamba onyo lake la kwanza ni kwa wazazi. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapofafanua amri huanza na kumcha Mungu na kumpenda, yote mawili pamoja. Zakaria alimwachia binti yake hofu peke yake. Nyumba yake ilikuwa na sheria bila Injili. Ndiyo maana mwandishi, karibu na mwisho, anawapeleka baba na binti mbele za Mungu wakashitakiane. Pale Zakaria hana fimbo, na kwa mara ya kwanza analazimika kumsikiliza mwanawe.

Tunao ugomvi kidogo na mwandishi. Mama Regina amepewa uvumilivu mwingi na maneno machache. Charles naye alistahili kuulizwa zaidi: alimpenda Rosa, au alipenda ubikira wake? Lakini riwaya inauliza jambo ambalo wengi hatukuliuliza. Mwaka huohuo wa 1971 ilipitishwa Sheria ya Ndoa, iliyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Binti mwenyewe anasemaje? Huku kwetu Shinyanga na Geita, ambako baba huhesabu ng'ombe wa mahari na mwenye duara hushika fedha ya dhahabu, swali hilo bado halijazeeka.

Tuseme lililotupata. Binti wa mtaa mmoja alikwenda machimboni kupika chakula cha wachimbaji, akarudi mjamzito. Baraza la wazee, sisi tukiwa mwenyekiti, lilimtenga. Mwanamume hatukumtafuta. Baada ya kujifungua, binti alikuja kurudi kundini. Alisimama mbele ya usharika na mtoto mgongoni, tukasoma utaratibu wote bila kukosea. Baada ya ibada baba yake alitufuata nje.

"Mchungaji," alisema, "mimi ndiye niliyemfukuza nyumbani. Niliona ujumbe wa kijana kwenye simu yake, nikampiga. Hata sikumwuliza ni nani."

Hatukuwa na la kumjibu. Kwenye daftari letu binti yule amerudi kundini. Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuata. Wiki ile ndipo tulipoitoa Rosa Mistika kabatini.

Katika Yohana 8 walimleta mwanamke peke yake, na sisi tulifanya vivyo hivyo. Katika Luka 15 baba alimwona mwanawe angali mbali, akakimbia kumlaki. Sisi tulisimama madhabahuni tukingoja binti aje mbele.

Hatusemi nidhamu ya kanisa ifutwe. Tunasema ianzie nyumbani kwa mtu. Sasa, kabla wazee hawajakaa kikao, tunakwenda kwanza kuketi na wazazi, na mwanamume anaitwa kwa jina kama binti alivyoitwa. Mwaka 2021 serikali ilifungua mlango wa darasa kwa wasichana waliojifungua. Ingekuwa aibu mlango wa kanisa uwe mwembamba kuliko ule.

Yule binti tumemtembelea mara mbili. Mara ya pili alitukaribisha ndani, akatuletea maji ya kunywa. Bado hajaja ibadani, nasi hatumhimizi.

Nawe mzazi, ukiikuta barua au ujumbe wa kijana kwenye simu ya binti yako, kabla hujainua mkono, kaa naye umwulize. Mungu atusaidie.