Kitabu cha Okonkwo Mikononi mwa Wanafunzi Wetu

Wazazi wengi wa parokia zetu wanao watoto katika sekondari, na watoto hao hurudi nyumbani na vitabu ambavyo baba na mama hawavijui. Kimoja cha vitabu hivyo chatuhusu sisi Wakristo kuliko vingine, kwa maana ndani yake wamo wamisionari, wakatekista na watu wanaojiandaa kubatizwa. Ni kitabu cha Chinua Achebe, mtu wa Nijeria, kiitwacho kwa Kiingereza Things Fall Apart. Kilitoka London mwaka 1958. Kwa Kifaransa kilitolewa mwaka 1966 kwa jina Le monde s'effondre, na kwa Kiswahili kilichapishwa Nairobi mwaka 1973 kwa jina Shujaa Okonkwo, mfasiri akiwa Clement Ndulute. Nataka kupima kitabu chenyewe, na tena namna kinavyofundishwa katika somo la Kiingereza. Kitabu nakisifu. Namna ya kukifundisha, mahali pengi nilipoiona, nailaumu.

Kwanza nieleze habari yake kwa ufupi, kwa ajili ya wale wasioisoma. Okonkwo ni mtu wa Umuofia, katika nchi ya Waigbo. Baba yake, Unoka, alikuwa mvivu, mpenda filimbi, mwenye madeni kwa kila jirani. Okonkwo akaazimia moyoni asifanane naye hata kidogo. Akashinda mieleka, akalima viazi vikuu, akaoa wake watatu, akapata heshima. Lakini hofu ya kuitwa dhaifu ikamtawala. Alikabidhiwa kijana wa kijiji kingine, Ikemefuna, akakaa naye nyumbani miaka mitatu, kijana akazoea kumwita baba. Wazee walipoamua kijana auawe, Okonkwo mwenyewe alimkata kwa panga, kusudi asionekane mwoga. Baadaye bunduki yake ikalipuka ikaua mtoto wa watu bila yeye kukusudia, akahamishwa miaka saba huko Mbanta, kijiji cha mama yake. Katika miaka ile saba waliingia wamisionari na serikali ya Kiingereza. Aliporudi, nchi ilikuwa imegeuka. Akamwua tarishi wa serikali, kisha akajinyonga.

Huyo Achebe alikuwa mtoto wa katekista. Alizaliwa mwaka 1930, na baba yake, Isaiah Okafo Achebe, alifundisha dini katika misioni ya Kianglikana. Wenzangu wakatekista watanisamehe nikisimama hapo kidogo, maana si mara nyingi tunasikia ya kuwa nyumba ya mtu wa kazi yetu ilitoa mwandishi anayesomwa duniani kote. Tena kitabu hiki kina mzizi wake darasani. Achebe alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Ibadan, walimu Waingereza waliwapa wanafunzi wasome Mister Johnson, kitabu cha Joyce Cary cha mwaka 1939. Cary alikuwa amefanya kazi ya serikali katika Nijeria. Katika kitabu chake karani mmoja Mnijeria anacheka, anaimba, anaiba, na mwisho anauawa na bwana wake Mzungu. Walimu waliona ni kitabu kizuri sana. Wanafunzi walikasirika, kwa maana hawakumwona ndani yake Mnijeria yeyote wanayemfahamu. Achebe ameeleza mwenyewe ya kuwa hasira ile ilimsaidia kujua kwamba habari ya watu wake haiwezi kuachiwa mgeni aisimulie. Basi, somo la Kiingereza liliwahi kuzaa tunda ambalo walimu wake hawakulitazamia.

Nije sasa kwenye lawama. Kijana mmoja wa parokia yetu alisoma sekondari ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Tanzania, ambako masomo ya sekondari hutolewa kwa Kiingereza. Alinionyesha daftari lake. Ndani yake Okonkwo alikuwa amekatwa vipande kama nyama sokoni: mambo makuu ya kitabu, manne; tabia za Okonkwo, sita; mafundisho tunayoyapata, matano. Yote yaliandikwa ubaoni na mwalimu, yakanakiliwa, yakakaririwa. Nikamwuliza kijana habari ya Ikemefuna. Akanijibu mara moja, kwa Kiingereza safi, ya kuwa kifo chake ni mfano wa ukali wa mila. Nikamwuliza kijana yule alimkimbilia nani alipopigwa pigo la kwanza. Hakujua. Hakujua ya kuwa alimkimbilia Okonkwo, akimwita baba, na ndipo Okonkwo alipochomoa panga. Kitabu hakuwahi kukishika. Darasani kilikuwamo kimoja tu, cha mwalimu. Na katika mtihani alifaulu.

Sitaki kumtupia mwalimu yule mzigo wote. Kama wanafunzi ni wengi na kitabu ni kimoja, atafanya nini? Na kama mtihani wataka mambo manne, mwalimu atoaye matatu atalaumiwa na wazazi. Lakini sisi tunaofundisha katekisimu tunaujua ugonjwa huu vizuri. Mtoto hujibu swali neno kwa neno, sauti juu, bila kukosea. Padri akiligeuza swali kidogo tu, ananyamaza. Maneno yamo kinywani, hayajashuka. Tofauti ni hii: mtoto wa katekisimu tunamrudisha nyuma aanze tena, na yule wa Kiingereza anapewa cheti.

Mwaka 1968, katika chuo kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai ya kwamba idara ya Kiingereza iondolewe, na maandishi ya Afrika yawekwe katikati ya masomo badala ya kukaa pembeni. Walikuwa na haki. Tangu hapo Achebe ameingia katika shule nyingi za Afrika. Lakini daftari lile nililoliona lingeweza kuwa la Shakespeare, au la Cary mwenyewe, na lisingebadilika ila majina. Kitabu kimebadilishwa, ufundishaji umebaki palepale.

Sasa, msomaji mpenzi, ufungue ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki, maana hapo lawama yangu inapata mtetezi mwenye nguvu kuliko mimi. Okonkwo ananing'inia mtini. Komisere wa wilaya, Mwingereza, amefika na askari wake. Rafiki wa marehemu, Obierika, anamgeukia kwa uchungu, anamwambia ni mtu wa namna gani aliyeangamizwa hapo, na ya kuwa mtu huyo sasa hawezi kuzikwa na ndugu zake kwa sababu amejiua. Komisere anaondoka akiwaza habari nyingine kabisa. Anaandika kitabu juu ya namna alivyowatuliza watu anaowaita washenzi, na anaona ya kuwa habari ya mtu huyu itafaa kuingizwa humo. Pengine itajaza sura nzima. Hapana, si sura nzima, aya moja ya kutosha. Sisi tumeishi na Okonkwo sura 25, tumemwona akimtafutia dawa binti yake Ezinma mwenye homa, tumemwona akikosa kula baada ya kumwua Ikemefuna. Kwa Komisere hayo yote ni aya moja.

Na katika daftari la kijana wetu Okonkwo alipewa kiasi gani? Tabia sita, mistari sita.

Ndiyo sababu nasema ya kuwa muhtasari waweza kufaa kwa vitabu vingine, lakini kwa kitabu hiki unavunja kitabu chenyewe. Mwanafunzi aliyepewa Okonkwo kwa ufupi hawezi kuona ubaya wa Komisere, kwa maana anamtazama Okonkwo kutoka mahali palepale aliposimama Komisere.

Kuna wazazi Wakristo ambao hawapendi kitabu hiki kisomwe, wakisema chawatukana wamisionari. Nimewasikia, na nawajibu kwamba wasome sura ya 16 na zile zinazofuata. Mmisionari anapofika Mbanta, anasema kwa kinywa cha mkalimani. Mkalimani ni Mwigbo, lakini wa sehemu nyingine, na neno lake la kusema "mimi mwenyewe" kwa watu wa Mbanta lina maana ya makalio yangu. Watu wanacheka sana. Mtu wa Bunia aliyefika Lubumbashi na Kiswahili chake anajua jinsi inavyokuwa! Wanafunzi wakisomewa mahali hapo wanacheka nao, na hapo wamekwisha kujifunza juu ya lugha jambo ambalo sarufi ya mwezi mzima haiwafundishi: ya kuwa neno linaweza kuvuka mpaka likabadilika njiani, na aliyelituma asijue.

Lakini mkalimani yule anayechekwa, Bwana Kiaga, ndiye anayeachiwa lile kanisa changa. Ni katekista kabisa, ingawa kitabu hakimwiti hivyo. Watu wanaoitwa osu, waliotengwa na jamii kwa kuwa waliwekwa wakfu kwa miungu, wanapotaka kuingia kanisani, Wakristo wenyewe wanakataa kukaa nao. Kiaga hana askari, hana fedha, hana Mzungu karibu naye siku ile. Anasimama imara: mbele ya Mungu hakuna mtumwa wala huru. Kanisa linatikisika, kisha linatulia. Wanaolia kwamba Achebe amewatukana Wakristo wamepita ukurasa huo wamefumba macho. Na Bwana Brown, mmisionari wa kwanza wa Umuofia, anakaa na mzee Akunna wakizungumza juu ya Mungu siku nyingi. Hakuna anayemgeuza mwenzake, lakini kila mmoja anajua zaidi kuliko jana. Brown ndiye anayejenga shule, na wanakuja kusoma hata watu wa miaka thelathini. Anayeharibu ni Bwana Smith aliyemfuata, mtu asiyejua rangi ila nyeusi na nyeupe, pamoja na mwongofu Enoch, anayemvua kinyago mmoja wa mizimu ya ukoo hadharani. Je, si kweli? Watu wa namna ya Enoch hatuwajui?

Mwalimu akitaka wanafunzi wake wapime jambo hilo kwa haki, awape na kitabu cha pili cha Achebe, No Longer at Ease, cha mwaka 1960. Humo mtoto wa Okonkwo, Nwoye, aliyebatizwa Isaac, ni katekista mzee aliyestaafu. Mwanawe Obi alipelekwa Uingereza kwa michango ya watu wa Umuofia ili asome sheria. Naye akaiacha sheria akasoma Kiingereza (wazazi, msiwaonyeshe watoto ukurasa huo). Obi anataka kumwoa Clara, ambaye ni osu. Na Isaac, aliyemwacha baba yake kwa ajili ya Injili, aliyeingia katika kanisa la Kiaga, anakataa. Nimesoma mahubiri mengi juu ya udhaifu wa Mkristo. Machache yalinichoma kama mahali hapo.

Kitabu hakikosi kasoro. Nwoye anaondoka nyumbani kwa baba yake kwa sababu ya wimbo uliomgusa, akikumbuka vilio vya mapacha waliotupwa msituni na kifo cha Ikemefuna, na Achebe ameeleza jambo hilo vizuri mno. Lakini baada ya hapo kijana anatoweka, tunapewa habari zake kwa mbali tu, kama barua ya mtu wa safari. Ezinma naye, mwenye akili kuliko ndugu zake wote, baba yake anatamani angalikuwa mvulana, na mwandishi pia anaelekea kumwacha hapohapo. Wanawake wa kitabu hiki wanapika, wanapigwa, wanalia. Wanachowaza hatukisikii sana. Mwalimu mwema hatalificha jambo hilo kwa sababu mwandishi ni mtu mkubwa.

Kwetu Kongo masomo hutolewa kwa Kifaransa, na Kiingereza ni somo mojawapo tu. Wengine hudhani kwa hiyo kitabu hiki ni kigumu mno kwa vijana wetu. Mimi naona sivyo. Kiingereza cha Achebe kina sentensi fupi, na mambo yake ni malofu, mahari, mkutano wa wazee, mgeni kupokewa kwa chakula. Kijana wa Kasongo anayajua hayo kabla hajafungua kamusi. Mtoto wa London ndiye atakayehitaji maelezo. Na kama shule haina vitabu vya kutosha, sura moja yaweza kusomwa kwa sauti, kila mwanafunzi ukurasa wake, wengine wakisikiliza. Sura ya 16 yafaa kuanza nayo. Isomwe kwa Kiingereza, kisha mahali pale pa mkalimani patafutwe katika Kifaransa na katika Kiswahili, wanafunzi waone wafasiri wawili walivyohangaika na neno lile lile.

Kwa ukurasa wa mwisho ningetoa kazi ya namna nyingine. Nusu ya darasa iandike kwa Kiingereza aya ile ya Komisere juu ya Okonkwo. Nusu ya pili iandike maneno ambayo Obierika angewaambia watoto wa marehemu jioni ile. Kisha yasomwe yote mawili, na mwalimu akae kimya kwanza.