Siki ya Tufaha na Sadaka za Watu



Tamthilia siku hizi huingia majumbani mwetu bila ya kubisha hodi, na moja katika hizo ni ile iitwayo Apple Cider Vinegar, yaani siki ya tufaha, iliyotolewa na Netflix mwezi wa Februari 2025. Ni vipindi sita. Wazee wa wanafunzi, khasa akina mama, wameniuliza kama ina faida yoyote au ni upuuzi mtupu. Jawabu langu ni kuwa faida imo, na upungufu pia umo, na upungufu wenyewe umeangukia pale pale penye uzito zaidi.

Kisa ni cha kweli, ingawa watungaji wameongeza yao, na wao wenyewe huwaambia hivyo watazamaji. Mwanamke mmoja wa Australia, Belle Gibson, alijitangaza kwenye Instagram kuwa ana saratani ya ubongo, kuwa hana muda mrefu wa kuishi, na kuwa ameyaacha matibabu ya hospitali akajitibu kwa chakula: mboga na matunda, bila ya sukari, bila ya maziwa, bila ya ngano. Mwaka 2013 akatoa programu ya simu iitwayo The Whole Pantry, na mwaka 2014 kikafuata kitabu cha mapishi kwa jina hilo hilo, kilichochapishwa na Penguin. Akaahidi hadharani kuwa mapato yatakwenda kwa mashirika ya hisani na kwa wagonjwa. Machi 2015 waandishi wawili wa gazeti la The Age, Beau Donelly na Nick Toscano, wakafichua kuwa mashirika aliyoyataja hayakupata fedha hizo. Mwezi uliofuata akakiri mwenyewe katika jarida moja la wanawake kuwa saratani hana, wala hakuwa nayo.

Nianze na sifa. Kilicho bora katika tamthilia hii si habari ya Belle. Ni habari ya msichana aliyepewa jina la Milla, mhusika wa kubuni. Milla ana uvimbe mkononi, madaktari wanamshauri akatwe mkono, naye anakataa. Anakwenda Mexico kwenye kituo ambako tiba ni maji ya matunda kutwa kucha, na kupigwa bomba la kahawa kwa njia ya haja kubwa. Huyu hasemi uwongo. Anaamini. Anapojiona ana nafuu anawahubiria wengine, na mama yake mzazi anapopatwa na saratani anafuata njia ya binti yake, akafa. Kisha binti naye akafa. Aliyeitunga sehemu hii ameelewa jambo ambalo wengi hawalielewi, kwamba mwongo ni mmoja katika mia, na hao tisini na tisa wanaotuletea tiba za ajabu ni watu wema wanaotupenda. Shangazi anayekutumia ujumbe wa majani ya stafeli si tapeli.

Tiba hiyo ya Mexico haikubuniwa na watungaji. Asili yake ni daktari mzaliwa wa Ujerumani, Max Gerson, aliyefariki mwaka 1959, ambaye wafuasi wake wangali wanawanywesha wagonjwa bilauri 13 za maji ya mboga na matunda kwa siku. Taasisi ya Saratani ya Marekani ilizipitia habari za wagonjwa wake, kumi mwaka 1947 na hamsini mwaka 1959, isione faida. Mbona basi watu wanasema wamepona? Wengine walikwisha kupasuliwa kabla ya kuanza hizo juisi, na kisu ndicho kilichowaponya. Wengine uvimbe wao hukua polepole, kwa hiyo mwaka wa kwanza hupita vizuri. Na waliokufa hawarudi kutoa ushahidi. Ukisikiliza waliobaki tu, kila tiba duniani ni nzuri.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wagonjwa 281, wenye saratani ambayo bado haijatapakaa mwilini, waliochagua tiba mbadala peke yake, na wengine 560 wenye hali kama zao waliotibiwa hospitali. Hatari ya kufa kwa wale wa kwanza ilikuwa mara mbili na nusu. Kwa saratani ya matiti ilizidi mara tano. Mama mwenye kuficha uvimbe wa titi huku akinywa dawa ya chupa, na awaze hesabu hiyo.

Najua kuna atakayeniuliza juu ya habbasoda, na ni haki yake kuuliza, kwa kuwa hadithi yake ni sahihi. Lakini maulamaa waliotutangulia, akiwamo al-Khattabi, walieleza kuwa neno hilo la jumla limekusudiwa maradhi mahususi yanayofaana nayo. Wala haikupokewa kuwa Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu tabibu kwa sababu ya habbasoda, alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu. Na imepokewa pia kuwa mwenye kujifanya tabibu, hali hajulikani kwa utabibu, hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Asali ile, siki utowelee, lakini miadi ya daktari usiivunje. Wala tusiwacheke Waaustralia. Mwaka 2011 barabara ya Loliondo ilijaa magari kwa ajili ya kikombe cha shilingi 500, na walikuwamo waliotolewa vitandani hospitali ili wapelekwe huko.

Sasa nije kwenye upungufu. Tamthilia inatumia saa nyingi kumchunguza Belle: utoto wake, upweke wake, kiu yake ya kupendwa. Tunafika mahala tunamwonea huruma. Lakini fedha za sadaka, ambazo ndizo zilizomfikisha mahakamani, zimepita kama upepo, na mwishoni kabisa, pale mtazamaji anapongoja kuambiwa hukumu, mhusika anamwambia akaitafute mwenyewe mtandaoni. Wenyewe huenda waliona ni mzaha mzuri. Mimi naona ni dharau kwa walioibiwa.

Basi hukumu ni hii. Machi 2017 Mahakama ya Shirikisho ya Australia ilimwona na hatia ya kuwahadaa watu katika biashara, na Septemba mwaka huo ikamtoza dola za Australia 410,000. Mahakama haikuutupa mzigo wote pamoja. Iliugawa, na mgawanyo wenyewe una mafunzo. Dola 90,000 kwa ahadi ya mapato ya programu. 50,000 kwa ahadi aliyoitoa wakati wa kuizindua. 30,000 kwa mkutano wa kuchangisha katika Siku ya Mama mwaka 2014. 90,000 kwa faida nyingine za kampuni. Na 150,000, fungu kubwa kuliko yote, kwa ahadi moja tu: kuwa mauzo ya wiki nzima yatapewa familia ya mtoto mdogo mwenye saratani ya ubongo. Mapato yake yalikuwa kiasi cha dola 420,000, na alichokitoa ni kama 10,000. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya jimbo la Victoria ilikuwa bado inamdai faini hiyo.

Kwa nini kosa la mtoto liwe zito zaidi ya mengine? Sisi tuliosoma vitabu vya fiqhi hatuhitaji kufikiri sana. Anayekusanya fedha kwa jina la mtu ni wakili, na kilichomo mkononi mwake ni amana ya mwenye jina. Si mali yake hata akiwa ndiye aliyehangaika kuichangisha, wala hana ruhusa ya kuihamisha kwenye haja nyingine iliyomjia. Na pale alipotumia ugonjwa wa mtoto kuuzia bidhaa, alichukua vitu viwili, fedha na jina. Kwetu pia michango ya kupeleka wagonjwa India hupita katika simu za watu, na si haba wanaoona haya kuuliza risiti. Ulizeni. Mwaminifu hachukii kuulizwa, na zikiweza kulipwa moja kwa moja hospitalini ni bora zaidi.

Wapo waliokwisha kuniambia kuwa kwa habari kama hii wao hawatoi tena. Hilo silikubali. Ziko habari sahihi za mtu aliyetoa sadaka usiku ikaangukia mkononi mwa mwizi, na hakuambiwa kuwa imepotea. Hesabu ya mwizi ni ya mwizi.

Lawama nyingine imewaponea wakubwa. Apple waliitukuza programu ile, Penguin wakakipamba kitabu, na hakuna aliyetaka kuona karatasi moja ya daktari. Penguin walitoa dola 30,000 na kukubali kuweka onyo katika vitabu vya namna ile. Tamthilia inawagusa kwa ncha ya kidole. Mwandishi shupavu angewaweka katikati ya jukwaa, maana Belle bila ya wao angebaki mwanamke mmoja mwenye simu.

Kuhusu kuitazama: lugha yake ni chafu mno na mambo mengine hayafai, kwa hiyo si ya kukaa nayo pamoja na watoto. Mwenye kusoma Kiingereza namshauri akitafute kwanza kitabu cha wale waandishi wawili, The Woman Who Fooled the World, kilichotoka mwaka 2017, ambacho ndicho msingi wa tamthilia yenyewe. Humo fedha zimefuatwa mpaka mwisho.