Ngoma ya Mwindo na Chombo cha Dzombo

Katika riwaya za maajabu na za sayansi nilizozisoma miaka hii, aghalabu nimemwona mwandishi akijitaabisha kurundika ajabu juu ya ajabu, ilhali kazi iliyo ngumu ni kulifanya ajabu moja litii kanuni yake. Na mwalimu bora wa kazi hiyo, kwa maoni yangu, ni Candi Rureke, mtambaji wa Kinyanga wa nchi ya Walikale, ambaye mwaka 1956, kwa muda wa siku 12, aliimba, akasimulia na kucheza utendi wa Mwindo, huku Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wakiuandika kwa mkono. Biebuyck na Kahombo Mateene, mwanaisimu aliye Mnyanga, waliutoa kitabuni mwaka 1969.

Tazama ustadi wake. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, amewaamuru wake zake wazae mabinti tu; Mwindo anazaliwa akitembea na kunena, usinga mkono wa kuume, tezo mkono wa kushoto, na begani mfuko wa Kahombo, roho wa bahati, wenye kamba ndefu. Msikilizaji huutazama usinga, kwa kuwa ndio wenye nguvu dhahiri, na kamba huisahau. Walakini Mwindo anaposhuka kuzimu kwa Muisa kumwandama babaye, ncha moja ya kamba ile humwachia shangazi yake Iyangura, akimwusia kwamba ikikoma kutikisika, ajue yeye amekufa. Hapo shujaa mwenye uwezo wote hupatwa na hatari ya kweli, na khofu yetu huhamia katika mkono wa mwanamke aliyebaki juu akingoja.

Hivyo hivyo katika ngoma. Shemwindo, mikuki na kaburi vilipomshinda, alimfungia mwanawe ndani ya ngoma na kuitosa mtoni. Nayo ikapanda kinyume cha mkondo. Mtambaji dhaifu angalitosheka na muujiza huo mtupu. Rureke ameupa mwelekeo, maana mwisho wa safari yupo Iyangura, mke wa Mukiti, bwana wa maji, na udugu ndio unaoivuta ngoma.

Hila iyo hiyo niliikuta katika *Walenisi* ya Katama Mkangi wa Kenya, iliyotoka mwaka 1995, ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kufa, hurushwa angani katika chombo kilichokusudiwa kuwa mauti yake, akakitawala na kufika nchi nyingine. Nguvu ya kitabu hicho, hata hivyo, nimeiona zaidi katika haki na usawa wa nchi ile kuliko katika mtambo wenyewe.

Sharti jingine, ambalo riwaya nyingi mpya hulipuuza, ni gharama. Mwindo alipomwua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, bwana wa radi, alinyakuliwa mbinguni, akateswa na baridi na jua, akarudishwa akiwa amekatazwa kuua wanyama.

Enyi vijana wa Masisi na Walikale mnaotamani kuandika habari za mitambo na nyota, koltani ya Rubaya, itokayo chini ya miguu yenu, imo ndani ya mitambo ya dunia nzima: msiazime maajabu ya mbali kabla ya kumsoma Rureke, na kila chombo mtakachokibuni, kipeni jamaa anayeishika ncha ya kamba.