Mpangilio wa Vijiti: Uhakiki wa Istilahi za Kuendeshea Ndege za Mfano

Miongoni mwa maandishi yaliyoletwa mezani petu ili yatolewe maoni kabla ya kupigwa chapa, kimo kijitabu chembamba kinachomfundisha msomaji wa Kiswahili namna ya kurusha ndege za mfano, yaani zile ndege ndogo ambazo mwendeshaji wake husimama ardhini akaziongoza kwa mawimbi ya redio. Jina la mfasiri tunaliacha, maana mengi tutakayoyataja hayakuanza kwake. Wako watakaosema kwamba Baraza lina kazi kubwa zaidi kuliko michezo. Jibu letu ni kwamba ujuzi uo huo ndio unaotumiwa leo na vijana wanaopiga picha za harusi kutoka angani na wanaopima mashamba, na kwamba neno baya katika kazi hii halimwachi msomaji katika ujinga tu, bali humwachia mikononi kitu kinachoweza kumkata mtu vidole.

Tuanze na ukurasa ambao mfasiri amemwagiza msomaji ahakikishe kuwa rimoti yake imewekwa katika "Hali ya 2". Rimoti ni kile kifaa cha kupeleka mawimbi, chenye vijiti viwili, kimoja kwa kila mkono. Neno hili wananchi wanalo tayari, na hatuoni sababu ya kuwanyang'anya. Lakini "Hali ya 2" ni hali ya nini? Hali ya hewa? Hali ya betri? Mfasiri ametafsiri neno moja la Kiingereza kwa neno moja la Kiswahili, akaamini kwamba kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba hata hilo la Kiingereza halisemi kitu. Ni nambari tupu, na aijuaye maana yake ni yule aliyekwisha kufundishwa.

Yafaa basi tulieleze jambo lenyewe, maana bila kulielewa hatuwezi kulipa jina. Ndege ya mfano ya kawaida ina kazi nne za kuongozwa. Ya kwanza ni nguvu ya injini. Ya pili ni kuinua au kuinamisha pua, ambako hufanywa na kipande cha bapa kilicho mkiani. Ya tatu ni kuilaza ndege ubavu kwa vipande viwili vilivyo katika kingo za nyuma za mabawa. Ya nne ni kuigeuza pua kwa usukani uliosimama mkiani. Vijiti ni viwili, na kila kimoja huenda pande mbili: mbele na nyuma, kisha kulia na kushoto. Nguvu na pua daima hupewa mwendo wa mbele na nyuma. Ubavu na usukani daima hupewa mwendo wa kulia na kushoto. Kinachobadilika ni mkono tu. Nguvu ikiwa katika mkono mmoja, pua imo katika mkono wa pili. Ubavu ukiwa katika mkono mmoja, usukani umo katika mwingine. Kwa hiyo mipangilio haiwezi kuzidi minne, na ndiyo hiyo iliyopewa nambari kutoka 1 hadi 4.

Katika mpangilio wa 1, nguvu na ubavu vyote vimo katika mkono wa kulia. Katika wa 2, nguvu imo kushoto na ubavu kulia. Wa 3 ni wa 2 uliogeuzwa kama katika kioo: nguvu kulia, ubavu kushoto. Wa 4 una vyote viwili kushoto. Japani wengi hurusha kwa mpangilio wa 1. Marekani na Kanada karibu wote hutumia wa 2. Uingereza imekuwa na wafuasi wa huu na wa ule. Kila upande una hoja yake. Wa mpangilio wa 2 husema kwamba pua na ubavu katika mkono mmoja ni sawa na kile kijiti anachokishika rubani wa ndege kubwa. Wa mpangilio wa 1 hujibu kwamba kazi hizo mbili zikitenganishwa, mkono unaoinua pua hauwezi kuilaza ndege ubavu bila kukusudia. Ugomvi huu si wa zamani sana. Ndugu wawili, Walter na William Good, waliporusha ndege yao ya redio huko Kalamazoo, Marekani, mwaka 1937, hapakuwa na vijiti vya namna hii. Ilikuwa katika miaka ya 1960, mitambo ambayo sehemu ya ndege hufuata kijiti kwa kadiri kinavyosukumwa ilipoenea, ndipo lilipokuja swali la mkono gani ufanye kazi gani.

Sasa tumchukue mtu aliyezoea mpangilio wa 2, akapewa rimoti ya mpangilio wa 1 bila kuambiwa. Ndege inateremka, naye anataka kuinua pua. Mkono wake wa kulia unavuta kijiti, kama ulivyozoea. Katika rimoti hii kijiti hicho ndicho cha nguvu. Injini inazimika, na pua inabaki pale pale ilipokuwa. Ndege iendayo kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 katika sekunde moja. Kabla mkono haujajirekebisha, ardhi imefika. Au tumchukue yule yule akiwa ameishika ndege mkononi, rafadha mbele yake, na mwenziwe anajaribu kama sehemu ya mkiani inafanya kazi. Anasukuma kijiti cha kulia apate kuona pua ikiinamishwa, kumbe ameifungulia injini nguvu zote. Waliofanya mchezo huu kwa miaka mingi wanazijua ajali hizo. Kijitabu chetu hakina hata sentensi moja juu yake. Kina "Hali ya 2".

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwamba neno liwe mpangilio, wala si hali, wala si modi, na kwamba kila mpangilio utajwe kwa mikono yake: "nguvu kushoto, ubavu kulia", na kadhalika kwa mingine mitatu. Nambari isitupwe, kwa kuwa imechapwa kwenye maboksi ya madukani, lakini ije nyuma ya jina na isisimame peke yake. Tumeambiwa kwamba majina hayo ni marefu. Ni marefu kweli, ila aliyasomaye mara moja hahitaji jedwali. Wachina, ambao ndio watengenezaji wakubwa wa vyombo hivi siku hizi, wamezikimbia nambari kwa njia nyingine: mpangilio wa 1 wanauita mkono wa Kijapani, na wa 2 mkono wa Kimarekani. Majina hayo yana uhai kuliko nambari, walakini yanatuambia ni nani wautumiao mpangilio, hayatuambii nguvu iko wapi.

Kosa la pili ni zito zaidi, na limeenea katika kijitabu chote. Mfasiri anaandika: "Peleka kijiti juu ili ndege iende chini." Msomaji mwangalifu atadhani ni makosa ya chapa. Si makosa. Kijiti cha pua kikisukumwa mbele, pua huinama. Kikivutwa kuelekea kifuani, pua huinuka. Utata umetokana na kutumia "juu" na "chini" kwa vitu viwili visivyofanana, kijiti na ndege, ilhali rimoti yenyewe imelazwa mikononi na kijiti hakina juu wala chini. Kiswahili kinayo dawa bila ya kuunda neno lolote. Mkono husukuma na huvuta; ndege hupaa na hushuka; pua huinuliwa na huinamishwa. Vitenzi hivi vikigawanywa hivyo, kila kimoja kikabaki mahali pake, sentensi iliyokuwa kitendawili inakuwa agizo: "Vuta kijiti, pua itainuka." Baharia wa jahazi hatashangaa, kwa maana anajua kwamba kana ya usukani ikisukumwa upande mmoja, chombo hugeukia upande wa pili.

Kuhusu kulia na kushoto tatizo halina dawa nyepesi. Ndege inapomwendea mrushaji, bawa lake la kulia limo kushoto kwa macho yake, na hapo ndipo wanafunzi wengi huiangusha. Kijitabu kinasema "itageuka kulia" bila kutaja kulia kwa nani. Tulitazama kwanza lugha ya baharini, tukakuta joshini na demani. Lakini maneno hayo hufuata upepo, hayafuati chombo, na chombo kikipindua tanga nayo hubadilika. Hayafai. Mmoja wetu ametoa shauri kwamba kulia na kushoto viachiwe vijiti, na pande za ndege yenyewe ziitwe kuume na kuke, kama pwani walivyosema tangu zamani mkono wa kuume na mkono wa kuke. Shauri hili tunalipenda kwa kuwa pande hizo zingebaki na ndege popote inapoelekea. Lakini tunaona pia kwamba kuke kwa maana ya kushoto halisikiki tena kwa vijana wengi, na kwamba darasani neno hilo litaleta kicheko kabla ya kuleta maana. Mpaka maoni zaidi yapatikane, iandikwe "kulia kwa ndege".

Majina ya sehemu zenyewe tutayapitia kwa haraka. Mfasiri ameiita ile sehemu ya mkiani "lifti", kwa sababu kamusi yake ilimpa neno la chombo kinachopandisha watu ghorofani. Hilo halihitaji mjadala. Tunapendekeza kiinuzi, ingawa huinamisha pia, kwani jina halilazimiki kutaja kazi zote za kitu. Vile vipande vya kingo za mabawa ameviita "aleroni". Hapa tulifurahi kugundua kwamba mkopo haukuhitajika. Neno la asili ni la Kifaransa, na maana yake ni bawa dogo tu. Nasi tuna kiambishi cha udogo kinachofanya kazi hiyo hiyo: kibawa. Kuna hofu kwamba kibawa kitahitajiwa pia kwa ile ncha ya bawa iliyopindwa juu katika ndege kubwa za abiria. Hiyo na iitwe kibawa cha ncha.

Usukani tumeuacha ulivyo, pamoja na onyo. Kwa mtu wa mjini usukani ni wa gari, na anayeushika gari hukata kona. Katika ndege ya mfano kona aghalabu huanzwa na vibawa, na usukani husaidia. Maelezo yaseme "usukani wa mkia" kila linapotajwa mara ya kwanza.

Kijiti tumekipendelea kuliko wenzo. Wanafizikia watalalamika kwamba wenzo ndiyo istilahi sahihi, na wana haki. Lakini wingi wake, nyenzo, umekwisha kuchukuliwa na maana ya vifaa na uwezo wa kufanyia kazi, hata "nyenzo mbili" humpeleka msomaji kwenye bajeti.

Nguvu inafaa kwa ndege yenye mabawa, ambayo kijiti chake hubaki kilipoachwa, na kikivutwa hadi mwisho injini hulala. Haifai kwa zile ndege za kupigia picha zenye rafadha nne, ambazo magazeti huziita ndege nyuki. Kijiti chake kina springi, hurudi katikati kikiachwa, na katikati si nusu ya nguvu bali ni amri ya kubaki katika kimo kile kile. Kwa hizo tunapendekeza kijiti cha kimo. Kijitabu kimechanganya aina zote mbili chini ya neno "mafuta", nalo zamani lingeweza kuvumiliwa, lakini nyingi za ndege hizi leo huendeshwa kwa betri.

Limebaki neno moja ambalo si la mfasiri huyu, ila amelirithi kwetu sote: "ndege isiyo na rubani". Rubani alikuwa mjuzi wa njia ya bahari kabla hajapanda angani, na hakuna sharti katika neno hilo kwamba lazima aketi ndani ya chombo. Ndege ya mfano ina rubani. Amesimama ukingoni mwa uwanja, rimoti mikononi, jua usoni. Kwa ndege zinazojiongoza zenyewe kwa njia iliyopangwa mapema, kama zile zilizoanza kupeleka damu hospitalini nchini Rwanda mwaka 2016, jina hilo linaweza kutetewa. Kwa hizi, haliwezi.

Kijitabu kimerudishwa pamoja na maoni haya. Tumeomba ukurasa wa rimoti uandikwe upya kabla ya mingine yote, uwekewe mchoro wa vijiti viwili na kazi nne zikiwa zimeandikwa pembeni mwake, na agizo la kuvua rafadha kabla ya kujaribu vijiti kwa mara ya kwanza liwekwe juu ya mchoro huo, wala si chini yake.