Fulu Wako Wapi Kwenye Jinamizi la Darwin?

Nimeitazama Darwin's Nightmare mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa chuo, tumejazana kwa chumba cha rafiki, laptopu juu ya kreti ya soda. Ilipoisha jamaa mmoja akasema, "Basi hiyo ndiyo Darwin: mkubwa anamla mdogo." Sote tukaitikia. Juzi, mara ya tatu, ndipo nikaona kwamba jamaa alikosea, na kwamba filamu ndiyo iliyomkosesha.

Wengi mnaijua. Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, aliipiga Mwanza, ikatoka 2004, ikateuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaishutumu hadharani. Ndege za mizigo zinatua, zinabeba minofu ya sangara (sisi wa Kisumu tunamwita mbuta) kuipeleka Ulaya, na Sauper anarudia swali lilelile: zikija, huwa zimebeba nini? Kama filamu ya biashara na silaha, ina nguvu. Kile kivuli cha ndege kinachoteleza juu ya maji mwanzoni bado kinanisisimua. Shida yangu ni jina. Ukimweka Darwin kwenye bango, mpe kazi ya kufanya.

Maana ziwa lile lilikuwa na hadithi ya Darwin kweli, na mhusika mkuu wake si mbuta. Ni fulu, wale samaki wadogo ambao dani yangu alikuwa akiwaanika juani kwa mkeka, na ambao kwenye filamu wanapitapita tu. Ziwa Victoria lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita. Maji yaliporudi, fulu waligawanyika hadi kufikia spishi zipatazo 500. Kwa saa ya mageuzi, hiyo ni kama jana jioni. Na hawakufika huko kwa mwenye nguvu mpishe. Walifika kwa kugawana riziki: huyu akakwangua mwani kwenye mawe, yule akavunja konokono, mwingine akala vidudu vya maji wazi. Kuna hata waliojifunza kumvamia mama fulu, ambaye hulea mayai na watoto mdomoni, hadi awateme. Siri ni taya la pili, lililo kooni. Koo likishachukua kazi ya kutafuna, mdomo unabaki huru kubadilika kulingana na mtego wa kila mmoja.

Halafu kuna mwanga. Kwenye miamba ya Mwanza wanaishi ndugu wawili, Pundamilia pundamilia (enyewe, jina la kisayansi kwa Kiswahili chetu!) na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu. Dume wa kwanza ni wa buluu, anakaa juu. Wa pili ni mwekundu, anakaa chini kidogo, kwa sababu maji yale humeza mwanga wa buluu mapema na kuacha mwekundu. Macho ya majike nayo yamejirekebisha kulingana na kina, na kila jike huchagua rangi anayoiona vizuri. Ole Seehausen na wenzake walionyesha pia upande wa pili: maji yakichafuka sana, majike hawatofautishi rangi, na spishi mbili zinarudi kuwa moja.

Hapo ndipo Sauper ananiangusha. Mbuta, aliyeletwa miaka ya 1950 na kulipuka miaka ya 1980, aliwala fulu, hilo halina ubishi. Lakini rutuba ya mashamba na maji machafu ya miji, yetu ikiwemo, viliwamaliza wengine bila kumuuma yeyote. Filamu ilitaka adui mwenye meno, na tope halina sura.

Ukitaka tope na taya, soma Darwin's Dreampond ya Tijs Goldschmidt, iliyotoka kwa Kiholanzi 1994 na kwa Kiingereza miaka miwili baadaye. Alikuwa Mwanza akiwachunguza fulu walipokuwa wakitoweka, na ana subira ya kukueleza koo la samaki mpaka ulishike. Watu wa Mwanza ndio kwake mara nyingi wanabaki wasindikizaji wa safari yake. Hilo lilinikera.

Ila Sauper alinikera zaidi kwa mifupa. Kamera inakaa sana kwenye vichwa na migongo ya samaki iliyojaa funza, na mama ambaye jicho lake limeharibiwa na ule mvuke. Sikatai, yapo. Lakini kwetu mgongo wazi uliokaangwa ukakauka, na ugali, ulikuwa chakula cha jioni cha kawaida. Katika kile chumba nilinyamaza, watu wakisema "ai, wanakula hiyo?" Kamera iliyoona uozo tu pale ndiyo iliyoona samaki tu ziwani. Kote kuwili ilipitwa na namna kiumbe anavyojipangia maisha penye nafasi finyu. Najua, sasa mimi pia nimeanza kumfanya fulu kuwa mfano wa binadamu. Basi niache.

Nirudi ziwani. Haplochromis pyrrhocephalus, mla vidudu mdogo, alikuwa karibu kwisha kwenye ghuba ya Mwanza. Miaka ya 1990 akaanza kuonekana tena, matamvua yake yakiwa makubwa zaidi kwa sababu oksijeni ya majini ilipungua, na akila mawindo makubwa kuliko zamani. Sauper alipofika na kamera yake, fulu huyo alikuwa keshaanza kurudi, hapo hapo chini ya kivuli cha ndege.