Kadi za Manila

Karatasi ya manila imetandazwa mezani, rula juu yake, na dada muuguzi anaipiga mistari ya penseli kabla hajagusa mkasi. Ametoka zamu ya usiku, amelala mpaka adhuhuri, na mchana uliobaki ni wa msamiati. Yuko Mombasa, anajiandaa kwa IELTS, mtihani wa Kiingereza uliopo tangu mwaka 1989. Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, anakotaka kufanya kazi, linataka alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kiingereza cha wodini anakiweza bila taabu. Anachokitafuta ni kile cha insha na grafu.

Kadi zikishakatwa, haziandikwi papo hapo. Kwanza anasoma makala moja, leo ni ya uhaba wa maji mijini, toka juu mpaka chini bila kufungua kamusi. Akirudia ndipo penseli inaposhuka, mstari mwembamba chini ya neno hili, alama ya kuuliza pembeni mwa lile. Kisha anachuja. Pembeni pana orodha ya Averil Coxhead, mtafiti wa New Zealand aliyechambua maandishi ya kitaaluma na mwaka 2000 akachapisha koo 570 za maneno yanayojirudia humo, somo liwe sheria au sayansi. Neno lililomo kwenye orodha linapewa kadi. Lisilokuwemo lazima lijitetee. “Plethora” lilikuwa limepigiwa mstari. Akalitazama, akalifuta kwa raba. “Nimeliona mara hii tu,” aliniambia. “Likija tena nitalipokea.” Nimewaona watahiniwa wakibeba maneno ya namna hiyo kwa magunia, na sijaona yakiwafikisha mbali.

Sasa kadi yenyewe. Upande wa mbele hauandikwi neno, unaandikwa sentensi nzima kutoka kwenye makala, na pale neno lilipokuwa anaacha pengo. Upande wa nyuma neno linakaa katikati, “analyse”, na chini yake ndugu zake wawili, “analysis” na “analytical”. Anachukua kalamu nyekundu, analitamka kila moja polepole, na kutia nukta juu ya silabi inayobeba mkazo. Katika la kwanza nukta inakaa silabi ya kwanza, katika la pili inasogea hadi ya pili, katika la tatu inafika ya tatu. Ulimi uliolelewa na Kiswahili umezoea mkazo unaotulia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo nukta hizi si mapambo. Anazitamka tena, kidole kikifuata wino.

Chini kabisa, kwa herufi ndogo, anaandika majirani wa neno. Hapa ndipo anapokaa muda mrefu kuliko pote, na nadhani ndipo ufundi wake ulipo. Kwenye kadi ya “evidence” ameandika vitenzi viwili vinavyotangulia, vivumishi vitatu vinavyolifaa, kisha herufi s iliyokatwa kwa mstari, kwa kuwa neno hilo halichukui wingi. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana habari ya majirani: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, wala hakuna anayeumia. Mgeni akijua maana ya kupiga peke yake, hajajua kitu. Dada huyu analifahamu hilo kwa lugha yake mwenyewe, na ndiyo maana hakubali kadi iondoke mezani ikiwa na maana tupu.

Kadi zilizokamilika zinaingia kwenye boksi la viatu lililogawanywa vyumba vitano kwa vipande vya katoni. Mpango huo aliueleza Sebastian Leitner katika kitabu cha mwaka 1972. Chumba cha kwanza hupitiwa kila siku, na vinavyofuata kwa nafasi inayozidi kurefuka. Anatoa kadi, anasoma sentensi, anajaza pengo kwa sauti, ndipo anageuza. Akipatia, kadi inasogea chumba kimoja mbele. Akikosea inarudi cha kwanza, hata kama ilikuwa imeshafika cha tano. Hakuna kujionea huruma, wala hakuna “nilikuwa nalijua”. Mkono unairudisha tu, na unachukua nyingine.

Jaribio la mwisho ni karatasi nyeupe na saa. Kuandika kuna dakika 60 kwa kazi mbili: maneno yasiyopungua 150 kueleza grafu au jedwali, na yasiyopungua 250 ya insha. Katika kila kazi, msamiati hubeba robo ya alama. Anaeleza grafu ya matumizi ya maji. Anapofika kwenye ongezeko, kalamu inasita: kupanda “by” 20 ni kuongezeka ishirini, kupanda “to” 20 ni kuifikia ishirini. Anaitazama grafu tena, anachagua ya pili. Akimaliza anapitia na penseli, na anachokata zaidi ni maneno makubwa aliyoyaweka ili yaonekane.

Kadi ya “affect” imekuwa ikikaidi. Inapanda hadi chumba cha tatu, inajichanganya na “effect”, inarudi. Safari hii hairudishi ilivyo. Anaichana, anachukua manila mpya, na badala ya sentensi ya makala anatunga ya kwake, ya dawa ya presha na usingizi wa mgonjwa, kitenzi mwanzoni na nomino mwishoni. Anaisoma kwa sauti, anabadili neno moja, anaisoma tena, anaitia chumba cha kwanza pamoja na kadi za leo.