Na Wengine Wako Wapi?

Afrorack ni Brian Bamanya, Mganda aliyejitengenezea sinthesaiza ya moduli kwa mkono wake. Neno lisikutishe. Ni visanduku vingi vya umeme: kimoja kinatoa mlio, kingine kinauchuja, kingine kinahesabu mapigo, na unaviunganisha kwa waya vile unavyotaka. Vya dukani bei yake haishikiki, basi yeye akanunua vipuri akalehemu vyake. Albamu yake ilitoka 2022 kwa lebo ya Hakuna Kulala, ya watu walewale wa Nyege Nyege, tamasha lililoanza Jinja 2015.

Vijana wetu wanaipendea hadithi hiyo. Mimi naipendea kitu kingine. Bamanya angeweza kurekodi ngoma tu, akate kipande, akirudierudie mpaka asubuhi. Wengi ndivyo wanafanya, na sisi pia tulifanya. Imbalu ya 2024 tulienda Mbale na simu, tukarekodi kadodi, tukakata sekunde mbili, tukaweka besi chini. Ilibamba, siwadanganyi. Tukamsikilizisha mzee mmoja mpigaji. Akainamisha kichwa, akauliza: "Na wengine wako wapi, wanangu?"

Tulikosa jibu. Kadodi inatembea na kijana barabarani kutwa nzima, watu nyuma yake. Na embaire ya Busoga, ile marimba kubwa inayotandikwa juu ya shimo, inapigwa na watu kama sita hivi pamoja. Hakuna mmoja mwenye wimbo. Wimbo unatokea kati ya mikono yao. Ukikata cha mmoja, umebeba vijiti tu.

Kwa Bamanya nasikia visanduku vinapishana hivyohivyo: kimoja kinaacha nafasi, kingine kinaingia. Kuna mahali mlio mmoja unakaa mno, nikadhani ni jenereta ya jirani. Na sauti ya mtu niliitamani.

Lakini sauti ya mtu ni jambo zito kwetu. Wageni wanakuja na kinasa sauti, kwaya inaimba, wanaondoka. Baadaye unamsikia mama yako sekunde kumi, chini ya maneno ya mtu mwingine. Ninyi wa mashirika mnaosoma hapa, mliwahi kumrudishia huyo mama akasikiliza?

Kikundi chetu sasa kimekusanya redio mbovu tatu. Wiki jana kisanduku cha kwanza kililia, vibaya, kama mbuzi. Cha pili kinasubiri kapasita.